Mwendo Umezidi Kumi na Mbili

"Futi elfu moja," mashine ilitangaza, na zamu ya kusema ikawa ya mwanamke aliyekaa kulia, msaidizi wa rubani.

Alitakiwa kusema "imetulia" au "paa". Mwendo wa kutua waliopanga ulikuwa mia na arobaini. Ruhusa ni kuzidi kumi au kupungua tano, basi. Nje ya hapo hutui, unapaa ukazunguke upya. Kipimo kilionyesha mia hamsini na mbili.

Mwanamke alinyamaza.

Walikuwa ndani ya ndege ya mazoezi, kile chumba kinachotikisika bila kwenda popote, kwa hiyo hakuna ambaye angekufa. Kushoto alikaa shemeji yake, mdogo wa mumewe, akipambana na upepo wa kutunga. Ulikuwa mtihani wake wa ukapteni. Akitua na mwendo ule, amefeli, na mtahini alikuwa nyuma yao akiona kila kitu.

Walianza kazi siku moja, hawa wawili. Mwanamke ndiye aliyemfundisha shemeji mahesabu ya upepo, mezani kwake, chai ikipoa. Kumbe anajichimbia kaburi mwenyewe! Jina lililotangulia kwenye orodha ya ukapteni likawa la shemeji, na tangu hapo mama mkwe hana wimbo mwingine ila "kapteni wangu", tena kwa sauti, makusudi, mkwe asikie. Roho ilimuuma jamani, asikudanganye mtu. Alitaka afeli. Mara moja tu, na yeye aonje.

Futi mia tisa na hamsini.

"Shem, unasemaje?" shemeji aliuliza, macho mbele.

Aliuliza kama mtu anayemwamini.

"Mwendo umezidi," akasema. "Paa."

Injini zikanguruma, pua ikainuka. Duru ya pili shemeji alitua vizuri, mwendo umezidi tatu tu.

Taa zilipowashwa mtahini alimgeukia mwanamke. "Ulichelewa sekunde nne. Kulikoni?"

"Ni mimi, mzee," shemeji akadakia. "Nilimwomba kabla hatujaingia anipe nafasi nirekebishe mwendo kwanza."

"Basi hilo kosa ni lako. Na ni kubwa."

"Najua."

Hata wema anamzidi! Wivu ulimpanda upya, mkali kuliko wa mwanzo.

"Hakuniomba kitu," alisema. "Niliona, nikanyamaza."

Mtahini hakuuliza sababu. Aliandika, akatoka.

Mwanamke alikawia kukusanya makaratasi yake. Alipoinua macho, shemeji alikuwa bado ameushikilia mlango wazi, akimngoja.