Nyasi Zilizomwinamia Mume Wangu

Mimi si mtu wa wivu, na anayesema nina wivu aje aniambie usoni. Nina macho tu, na kazi yangu ni ya macho: narekodi video na kuzigeuza kuwa kuta zenye uhai. Mwenzangu kwenye kazi hiyo ni mwanamke tunayemwita Waya, kwa sababu hajawahi kuonekana bila waya shingoni. Mimi naleta picha, yeye anaandika programu. Miaka sita tumechangia studio moja ghorofa ya tatu, birika moja na funguo mbili.

Kazi yetu ya mwisho ni ukuta wa skrini sita uliojaa nyasi, nyasi nilizozirekodi mwenyewe nikiwa nimelala kifudifudi hadi viwiko vikachubuka. Juu yake kuna kamera. Mgeni akisimama mbele, nyasi hazitikisiki. Mtu ambaye ukuta ulishamwona siku nyingine zinamwinamia, na kadiri alivyokuja siku nyingi ndivyo zinavyoinama zaidi. Mimi na Waya, tuliokuwa mbele yake kila siku kwa miezi mitatu, zilitulalia hadi chini. Kamera haihifadhi picha wala tarehe, inabaki na vipimo vya sura na hesabu ya siku tu. Hilo lilikuwa wazo la Waya, eti watu wasione wanachunguzwa, nami nililisifu sana.

Alhamisi mchana mume wangu alikuja kutusaidia kubeba spika na vyuma vya kupeleka kwenye ukumbi wa maonyesho. Ukuta wenyewe ungeng'olewa Jumamosi. Kwa nilivyojua, hakuwa amewahi kukanyaga pale. Sanaa yetu huiita televisheni mbovu, na nilishaacha kubishana naye. Alipofika chini alinipigia simu kuuliza ni ghorofa ya ngapi, nikamwelekeza, akapanda. Aliingia, akamsalimia Waya kwa mbali, kisha akapita mbele ya ukuta kufuata spika. Nyasi zote zikalala.

Skrini sita nzima, kwa mtu aliyeuliza ghorofa! Mume wangu alicheka, akasema nyasi zetu zina adabu kuliko watoto wake. Waya hakucheka. Alikuwa amekazia macho kompyuta, na bila kuulizwa na mtu akaanza kueleza.

"Ni ile folda yako ya picha za nyumbani iliyo kwenye kompyuta hii," alisema. "Nilikosa sura za kufanyia majaribio, nikaufundisha ukuta kwa hizo. Nilisahau kukwambia, dada, nisamehe."

Nilimsamehe papo hapo, tena kwa furaha. Niliona aibu kwa yale niliyokuwa nimeanza kuyafikiria juu ya mwanamke ninayegawana naye birika na juu ya mwanaume niliyezaa naye watoto wawili. Tukafunga vifaa huku tukitaniana. Lakini nikiwa jikoni jioni ile, machale yakanicheza. Waya, mtu wa kunipigia simu akibadilisha hata rangi ya kitufe, asahau jambo kama hilo? Na mume wangu, mtu wa kubishana hata na saa ya ukutani, alipoambiwa picha zake zimetumika bila ruhusa hakuuliza swali hata moja. Alibeba spika akashuka. Kama nilikuwa nakosea, ningeharibu urafiki wa miaka sita na ndoa ya miaka kumi na moja kwa sababu ya majani ya kompyuta. Kama sikukosea, vilikuwa vimeshaharibika nami ndiye wa mwisho kujua. Niliogopa yote mawili.

Kesho yake, Waya akiwa ukumbini anapima umeme, nilimwita wifi yangu studio. Ni mdogo wa mume wangu, anaishi nasi, na kwa kupenda kupigwa picha hana mpinzani. Katika folda ile yumo kila mahali, sebuleni, jikoni, kwenye siku za kuzaliwa. Picha za wanangu wakiota meno zimeliwa nusu na shavu lake. Kaka yake hana hata robo ya picha hizo, maana yeye ndiye anayepiga. Nilimwambia tu aje aione kazi kabla ya watu.

Alisimama mbele ya ukuta, nyasi zikabaki wima. Nikamwomba avue miwani. Nikafungua mapazia. Nikamsogeza hatua mbili mbele, nikazima kompyuta na kuiwasha upya, nikimwomba Mungu hata unyasi mmoja utikisike, hata kwa kukosea, maana amefanana na kaka yake mpaka pua. Nikapita mimi, zikalala. Akarudi yeye, zikasimama.

"Mbona zinaninunia?" aliuliza, akitengeneza nywele.

Nikamwambia nimeelezwa kwamba ukuta ulifundishwa kwa picha za nyumbani kwetu, kwa hiyo ulipaswa kumjua kuliko mtu yeyote. Kama haumjui, basi haukuonyeshwa picha hata moja, na unaowajua ni wale tu waliokuja kusimama hapa kwa miguu yao, siku nyingi. Nilijitahidi kusema kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayeeleza kazi yake.

Wifi aliacha nywele. Alitazama ukuta, akatazama mlango, kisha akachukua mkoba wake kitini.

"Wifi, yule ni kaka yangu," alisema taratibu. "Nakuomba usiniweke katikati."

Sikuwa nimemtaja kaka yake.