Hema Lenye Mkia

Fundi cherehani yule walimwita Nukta, maana alikuwa mfupi: hata akipanda kigoda, rafu ya juu ya nyuzi aliishia kuitazama tu. Sasa alikuwa amepiga magoti kwenye nyasi za msitu wa taifa, anakaza kamba za hema aliloshona mwenyewe.

Bwana misitu alitaka mahema kumi na mawili ya kukodisha wageni: mengine ya kambi ya hapa getini, penye mabomba na vyoo, mengine ya kule juu kwenye maporomoko, mwendo wa saa mbili kwa miguu. Akilipenda hili, Nukta angeacha kazi ya kiwandani na kushonea nyumbani, mwanawe akicheza pembeni. Asipolipenda, basi kesho ni kiwandani tena, na mtoto kwa shangazi.

"Jepesi," alisema bwana misitu. "Mgeni atalipandisha mpaka juu bila kunilaani. Ngoja nijilaze."

Akaingia. Kichwa kikagota mwisho, na miguu, buti na yote, ikabaki nje karibu hadi magotini.

Mumewe Nukta, mtoto mabegani, aliziba mdomo kwa kicheko. "Mke wangu, ulimpima nani?"

"Mimi," alijibu kwa sauti ndogo. Alikuwa amejilaza sakafuni chumbani kwao, akaweka alama ya chaki kisiginoni, akaona eti imebaki nafasi.

"Mama," sauti ilitoka hemani, "mvua ikinyesha, wageni wangu wataoshwa miguu bure."

Nukta alicheka, ila macho yalimwasha. Kisha akauona mfuko wa kubebea hema, kitambaa kile kile.

"Kaka, una haraka?"

"Naishi msituni. Haraka nitaitoa wapi?"

Bwana misitu akatoka, na Nukta akapasua ukuta wa nyuma kwa mkasi aliokuja nao, akaunga mdomo wa mfuko pale. Mume alishika ncha moja, mtoto akaikalia nyingine. Alishona kwa mkono, mishono midogo ya kurudiarudia ili maji yasipenye, jua likihama mti hadi mti. Alipomaliza, hema lilikuwa na mkia.

Bwana misitu aliingia tena, safari hii miguu kwanza. Muda ukapita, hatoki.

"Anawaza nini huyu?" Nukta alinong'ona.

Mumewe alichungulia. "Hawazi kitu. Amelala."

Kweli, mkoromo ukaanza, wa polepole, wa mtu aliyeridhika.

"Tumwamshe?" aliuliza mume.

"Ole wako!"

Wakakaa wakingoja, wakisikiliza ndege. Hatimaye alitambaa akatoka, alama za mikunjo shavuni, akakohoa kikubwa kana kwamba alikuwa kazini.

"Kumi na mawili," alisema. "Na yote yawe na mkia."

Nukta alitaka kumjibu kama fundi anavyomjibu mteja, lakini badala yake akamvuta mwanawe, akamkumbatia kwa nguvu.

"Mama," mtoto alilalamika, "unanibana."