Kielelezo Kilichojibu Maswali

Saa tatu na robo asubuhi fundi wa kamera alisimama mahali pa mashahidi, akaweka laptopu mezani, akafuta vumbi la kioo kwa mkono wa shati. Flashi yenye video ya ghalani ilikuwa ndani ya bahasha yenye muhuri, naye hakuwa na wasiwasi hata chembe. Kwa miaka kumi na minne alikuwa akifunga kamera kwenye maghala, na kazi yake aliijua kama njia ya kwenda kwao.

Video ilikuwa ya dakika mbili, bila sauti. Mpakiaji wa ghala alikuwa akipanda ngazi mbovu, na msimamizi yuko chini, amemnyooshea kidole. Kilichofuata kila mtu alikijua: mpakiaji alianguka, akazikwa kesho yake. Msimamizi alidai marehemu alipanda kwa kiherehere chake mwenyewe. Mjane, aliyekaa benchi la mbele, alitaka mahakama itamke kwamba mumewe alitumwa. Jamani, hilo tu.

Fundi alieleza kila kitu bila kumung'unya maneno. Mashine ya kurekodi ya ghala hujifuta yenyewe kila baada ya siku thelathini, kwa hiyo nakala ni hiyo moja. Aliitoa siku ileile mbele ya polisi, kompyuta ikaipa namba ndefu, namba ambayo hubadilika picha ikiguswa hata kwa nukta. Akaihesabu tena mbele ya hakimu. Ikawa ileile. Karani akaandika.

Wakili wa utetezi aliinuka taratibu. "Namba inasema haikuguswa baada ya kunakiliwa. Na kabla je? Nani anajua kama haikupikwa?"

Hapo fundi angeonyesha hati ya mashine inayothibitisha rekodi, akashuka zake, mambo yakaisha. Lakini fundi hodari ana ugonjwa wake: hapendi kuambiwa kazi yake imepikwa.

"Muulizeni mwenyewe," alisema, akasimamisha picha mpakiaji akiwa kwenye kipandio cha tatu.

Mpakiaji aligeuza shingo akaitazama mahakama. Hakimu alimwagiza karani amwapishe, naye akaapa kwa mkono mmoja, maana wa pili ulikuwa umeshika ngazi.

"Nani alikutuma kupanda?" hakimu aliuliza.

"Msimamizi. Nilimwambia ngazi mbovu, akanijibu wanaotaka kazi wako wengi nje."

"Video hii imepikwa?"

"Ipikwe na nani, mheshimiwa? Mimi nimo humu tangu siku ile. Hajaingia mtu."

Mjane alilia kwa furaha waziwazi. "Si nilisema! Mume wangu, umekula lakini?" Hakimu alimwomba mambo ya nyumbani yasubiri nje.

Wakili hakupandisha sauti. Aliomba namba ihesabiwe upya. Fundi alihesabu, ikatoka nyingine kabisa. Alirudia, kwa sababu ni fundi. Ilikuwa nyingine vilevile.

"Kielelezo kimesema leo maneno ambayo hakikuyasema siku ya tukio," hakimu alisoma uamuzi wake, bila ubaya wowote. "Kimebadilika mbele ya macho yetu. Hakipokelewi."

Bila video, kesi haikuwa na mguu wa kusimamia. Msimamizi alimshukuru wakili wake, akaenda kazini. Zamu yake ilianza saa saba.

Mjane alikabidhiwa flashi kwa kuisainia. Fundi alimsindikiza hadi nyumbani, laptopu kwapani.

"Nisamehe, shemeji. Mdomo wangu huu umeniponza."

"Umekuponza wewe? Umeniponza mimi," mjane alisema, akamvutia kiti. "Lakini nimemsikia kwa masikio yangu. Hebu niwashie."

Alimwashia. Mpakiaji alikuwa palepale, kipandio cha tatu. Mjane alisogeza uso karibu na kioo, akaongea naye kwa upole, kama anayemwita mtu kutoka chumba cha pili.

"Baba watoto, shuka basi. Hiyo ngazi si unaiona?"

"Naiona, mke wangu." Mpakiaji alichungulia chini, kisha akapunguza sauti. "Lakini msimamizi bado amesimama hapa chini ananitazama."

Akapanda cha nne.