Bakuli la Sajini

Nyumba ilikuwa tayari kabla ya mbwa. Moureen aliijenga kwa mikono yake nyuma ya jiko, kwa mabanzi aliyoomba kwa fundi na kipande cha bati kilichobaki walipoezeka nyumba yao. Sakafu aliiinua juu ya mawe, kwa kuwa mvua ya Mogogosiek haibishi hodi. Ikifika alasiri inaingia tu. Mlango aliuelekeza mbali na upepo. Kisha akasimama, mikono kiunoni, akaitazama kazi yake kama mtu aliyemaliza kujenga ghorofa.

Mama yake, Bitutu, hakuacha siku ipite bila kumchokoza. Akitoka kukamua ng'ombe atauliza mpangaji anahamia lini. Akipita na kuni atauliza kama kodi imeshalipwa.

Moureen alicheka tu. Alikuwa amemsubiri mbwa huyo tangu utotoni. Bitutu alikuwa mchumaji wa chai kwenye shamba kubwa la kampuni, na katika nyumba za wafanyakazi mbwa hakuruhusiwa. Moureen alikua akiwapenda mbwa wa watu, mbwa wa kanisani, mbwa wa buchani. Sasa mama alikuwa amestaafu, wana kiploti chao chenye chai kidogo, ng'ombe mmoja, ua wa miti na lango linalofungika. Hakukuwa na msimamizi wa kumkataza.

Jumamosi moja alikwenda Kericho kuonana na mtu aliyetangaza watoto wa mbwa kwenye simu. Aliwakuta nyuma ya maduka, wamejazana katika katoni ya sabuni, macho bado yana ukungu, matumbo yamevimba kwa minyoo. Muuzaji alisema ni mbegu ya Ujerumani, akamwonyesha namna ya kuchagua aliye mkali: mshike ngozi ya shingo, mwinue, asipolia huyo ndiye. Moureen aliomba kumwona mama yao. Yuko Nakuru, akaambiwa. Punde simu ya muuzaji ikalia, na Moureen akamsikia akimwambia mteja mwingine kwamba mama yuko Eldoret.

Katoto kamoja kalikuwa kameshamlamba kidole. Alikaweka kifuani, akasikia moyo wake unavyodunda, mdogo kama saa ya mkononi. Kisha akakarudisha katika katoni na kuondoka mbio, kabla huruma haijaishinda akili. Njia nzima alijiona mkatili.

Johana, daktari wa mifugo aliyemtibu ng'ombe wao, ndiye aliyemtuliza. Alimwambia mtoto wa umri ule hajatosheka kunyonya, na kwamba kila anayenunua kwenye katoni anamtuma yule bwana akalete katoni nyingine. Halafu, akiosha mikono kwenye ndoo, akamwuliza kama lazima awe mtoto. Karibu na Kaplong kulikuwa na bibi mmoja, Kogo Chepngeno, aliyekuwa anahamia Nakuru kwa binti yake kwa sababu ya mguu. Huko ni nyumba za ghorofa, na mbwa wake hangeweza kwenda. Ni mbwa mzima, amechanjwa, amehasiwa, hana ugomvi. Anaitwa Sajini.

Usiku ule Moureen hakulala vizuri kwa furaha.

*

Kogo Chepngeno alimpokea akiwa ameketi barazani, fimbo mapajani. Miguuni pake alilala mbwa wa rangi ya kahawia, ncha ya mkia nyeupe, sikio moja limesimama na jingine limekunjika. Moureen aliposalimia, mbwa aliinua kichwa, akamtazama, akakirudisha chini. Lakini mkia ulipiga sakafu, pa, pa, na Moureen akajua amepata.

Hakujua kwamba yeye mwenyewe bado hajapatikana. Kogo alimhoji kuliko alivyowahi kuhojiwa alipotafuta kazi. Ua wao ukoje? Kuku wangapi? Nani atakuwa nyumbani mchana? Akiugua atapelekwa kwa nani? Moureen alijibu yote, akaonyesha hata picha ya nyumba ya mabanzi. Kogo aliitazama picha kwa muda mrefu.

"Na ukiolewa, lakwet?" aliuliza. Ndivyo Wakipsigis wanavyomwita mtoto, kama nyanya wanavyomwita kogo.

"Atakayenioa atatukuta wawili, Kogo."

Kogo alicheka mpaka fimbo ikaanguka. Pesa alikataa hata kuzisikia. Alisema kuna mwanaume mwingine, Isaiah, mwenye kiwanda cha mbao, naye anamtaka Sajini. Amfunge mnyororo mchana kutwa ili usiku awe simba. Si mtu mbaya, alisema, ila mbwa huyu hajawahi kufungwa. Basi akatoa sharti lake. Moureen aende na mbwa. Jumapili, baada ya kanisa, binti yake atakapokuja kumchukua na mizigo, watapitia Mogogosiek. Akimkuta Sajini ametulia, yameisha. Akimkuta amekonda na moyo umemvunjika, atampigia Isaiah simu, kwa kuwa afadhali mnyororo kuliko kaburi.

Alimpa kamba, kadi ya chanjo, na bakuli la Sajini la bati, jeusi ndani kama kitako cha sufuria.

Fundisho la kwanza la Bitutu kwa watoto wake lilikuwa usafi. Nyumba za kampuni zilikuwa na bomba moja kwa familia nyingi, na mama aliyeacha chombo chake cheusi alisemwa hadi kanisani. Kwa hiyo Moureen alipofika nyumbani, kabla hata ya kuvua viatu, alilisugua lile bakuli kwa majivu, akarudia kwa mchanga, akamalizia kwa sabuni. Weusi ulikuwa mkaidi, naye akawa mkaidi zaidi. Mwishowe bakuli liling'aa, Bitutu akajitazama ndani yake na kurekebisha kitambaa cha kichwa.

"Angalau mpangaji wako atakula kama waziri," alisema.

*

Waziri hakula. Moureen alimwekea ugali na maziwa yaliyokamuliwa muda huo huo, yana povu. Sajini alinusa bakuli, akazunguka, akalala akiwa ameelekeza pua langoni. Kesho yake alichemshiwa mifupa. Akanusa, akaondoka. Aliletewa omena, naye akamwachia paka wa jirani. Maji alikunywa, tena kwenye ndoo ya ng'ombe, wala si kwenye bakuli. Bitutu alisema kwao Kisii hajawahi kuona mbwa anayechagua chakula. Halafu, Moureen alipogeuka, akamwona mama yuleyule amechuchumaa, anamnyooshea mbwa kipande cha chapati.

Johana alikuja, akamfungua kinywa, akampima joto, akambonyeza tumbo. Hakuwa na ugonjwa. Anaomboleza, alisema, mpe nafasi. Ila alipokuwa akipanda pikipiki aliongeza kwamba mbwa asiyekula hadi mwisho wa wiki ni shida nyingine, na kwamba Moureen ampigie Kogo amwulize.

Moureen aliitoa simu mara nyingi, na mara zote akairudisha mfukoni. Angesema nini? Kwamba Sajini hataki hata kuonja? Huyo bibi angemaliza kumsikiliza, kisha ampigie Isaiah. Aliuona kwa macho ya akili mnyororo ukiburuzwa kwenye vumbi la mbao. Akaona afadhali ahangaike kimya.

Alhamisi alikwenda naye kituo cha kuuzia chai. Wachumaji walikuwa wamemwaga majani mezani wakiyachambua, lori halijafika. Sajini alilala chini ya benchi, mbavu zimeanza kuhesabika. Karibu nao aliketi Nelvine, ambaye shamba lake linapakana na lao. Nelvine alifungua leso yake, akatoa kibuyu kirefu chenye kifuniko cha ngozi, sotet, akakitikisa, akajimiminia kikombe cha mursik, maziwa ya kugandisha. Maziwa yalitoka mazito, ya kijivu kwa unga wa mkaa, na harufu ya moshi ikapanda.

Sajini aliinuka. Sikio lililokunjika lilisimama. Kabla Moureen hajaikaza kamba, mbwa alikuwa ameshaketi mbele ya Nelvine, wima, kama askari mbele ya mkubwa wake, mkia unafagia majani.

Nelvine alimtazama, akamgeukia Moureen. "Huyu mlikuwa mnamlisha nini?"

Moureen alimwambia. Maziwa mabichi, mifupa, omena.

"Maskini, mmemhamisha nchi." Nelvine alikuwa anacheka sasa, na wachumaji wengine wakasogea kusikiliza. Alieleza kwamba kwao Wakipsigis, kibuyu kikiisha kinasuuzwa kwa maji kidogo, na yale maji yenye mkaa na mabaki ya maziwa hayamwagwi. Yanakwenda kwa mbwa, juu ya ugali. Mbwa aliyekulia hapo anajua nyumbani ni moshi. "Hata bakuli lake huwa jeusi. Wewe angalia tu bakuli."

Moureen hakuhitaji kuangalia. Alilikumbuka, jeusi mikononi mwa Kogo. Akaukumbuka na mchanga, na majivu, na jinsi alivyojivunia ule mng'ao. Alikuwa amemfutia mbwa kitu pekee alichokuja nacho kutoka kwao.

"Nipimie chai yangu," alimwambia Nelvine, akakichukua kikombe mkononi mwake bila hata kuomba, na kukimbia. Sajini alikimbia naye, pua juu, akimrukia kiwiko. Walipanda kilima kati ya michai, Moureen amefunika kikombe kwa kiganja, anacheka na kuhema kwa pamoja, mursik ikimchirizika hadi kwenye mkono wa sweta. Bitutu alitoka jikoni akidhani wamefukuzwa na nyuki.

Ugali wa jana ulikuwepo. Moureen aliumega katika bakuli, akamimina kile kilichosalia kikombeni, akarudi nyuma. Sajini alinusa. Alimtazama Moureen. Kisha akala. Alikula huku bakuli likisukumwa uwanjani, likagonga ukuta wa jiko, likageuka, naye akalifuata bila kuinua kichwa, mpaka lilipokwama kwenye miguu ya Bitutu.

"Kumbe ni yale maziwa ya masizi," Bitutu alisema. Miaka yote aliyoishi na Wakipsigis alikuwa hajawahi kukubali kuyaonja.

*

Jumapili gari liliingia langoni likiwa limefungwa godoro juu. Sajini alilitambua kabla halijasimama. Alilia, akaruka, akazunguka, na mlango ulipofunguliwa akamrudisha Kogo kitini mlemle garini. Binti yake ilibidi asubiri purukushani ipungue ndipo amsaidie mama yake kushuka. Kwapani Kogo alikuwa amebana kitu kilichofungwa leso, wala hakumpa mtu akishike.

Alipitisha mkono mbavuni mwa mbwa. Uso ukabadilika.

"Amekonda."

Moureen alikuwa ameandaa maneno mazuri, yakamtoroka yote. Alisema ukweli ulivyo: kwamba alilisugua bakuli, kwamba Sajini hakugusa chakula hadi Alhamisi, kwamba Nelvine ndiye aliyewafumbua macho na tangu hapo anawagawia kila jioni. Alikwenda akalileta bakuli. Kogo alilipitishia kidole ndani. Chini kabisa pete nyeusi ilikuwa imeanza kurudi, nyembamba kama wanja.

"Kwa nini hukunipigia?"

"Niliogopa utamchukua."

"Mimi huyu mbwa nilimlea miaka mitatu, wewe una naye wiki. Nani alitegemea ujue?" Kogo alitikisa kichwa. "Ukimficha mtu shida ya mbwa wake, anayelala njaa ni mbwa. Siku nyingine utapiga."

Kusikia kuna siku nyingine, Moureen alishusha pumzi. Lakini Kogo hakuwa amemaliza. Aliifungua leso. Ndani kulikuwa na sotet ya zamani, imekolea kwa mikono, ushanga umebaki mmoja mmoja. Aliiweka mikononi mwa Bitutu, si mwa Moureen, akamwambia ajifunze kutengeneza mursik, kwa kuwa msichana ataolewa siku moja, hata kama na mbwa wake. Kisha akaagiza kamba ivuliwe na lango liachwe wazi. Yeye ataondoka, na Sajini achague. Wala asiitwe.

Gari lilitoka. Sajini alilifuata. Alitembea kwanza, halafu akakimbia, akatoka langoni, akashika barabara ya murram inayopita kati ya michai. Moureen alisimama langoni. Aliagizwa asimwite, na hakumwita. Gari lilifika kwenye kona, mbwa nyuma yake, ncha nyeupe ya mkia ikizidi kuwa ndogo.

Ndipo Moureen akasikia nyuma yake kijiko kikigonga bati. Ni Bitutu, amesimama mlangoni pa jiko na bakuli, anagonga, uso ameutazamisha mbinguni kama mtu anayeangalia mvua. Hakuwa anaita, alijitetea baadaye. Alikuwa anaosha vyombo.

Kwenye kona Sajini alisimama. Alilitazama gari, akaitazama nyumba. Gari nalo lilisimama, mkono mmoja mzee ukatoka dirishani, ukapunga mara moja, ukarudi ndani. Matone ya kwanza yakaanguka. Sajini akageuka, akarudi kwa mwendo wa polepole, kichwa chini, na alipofika kwa Moureen akaegemeza uzito wake wote gotini pake, na Moureen akapiga magoti kwenye tope na kumkumbatia, akilia na kucheka, hata asijue kipi kilianza.

Siku hizi Bitutu anajua kusugua kibuyu kwa mkaa, na Nelvine husema mkono wake si mbaya kwa Mkisii. Moureen ameshamfumania jikoni mara mbili, mgongo mlangoni, anaonja. Sajini hulala hapo hapo, kidevu juu ya miguu ya Bitutu, naye hulalamika kila jioni kwamba mahali pa mbwa ni nje, ila miguu haiondoi. Ile nyumba ya mabanzi, yenye sakafu iliyoinuliwa na mlango usiopigwa na upepo, imechukuliwa na kuku mwekundu. Ameatamia humo, na mtu akichungulia humdonoa.