Makato ya Tallinn

Nilikwenda benki Ngara mjini kutoa hela ya bati, nikaambiwa hela ya bati haitoshi. Nilikuwa nimeuza ng'ombe wawili, fedha nikaiacha ikae tangu Pasaka, sijaigusa. Nikaomba taarifa ya akaunti. Binti wa dirishani, Esperansia, akanitolea karatasi mbili zilizojaa neno moja: Tallinn.

Nimetembea sana mimi. Nimechimba Geita, nimelala Mpanda na Kigoma, darasa la kwanza nilisoma Kirushya, la nne nikaliacha njiani Kahama. Tallinn sijafika.

"Binti, hapa ni wapi?"

"Ni mji wa Ulaya, mzee. Hii ni kampuni ya kukodisha baiskeli na skuta, zile pikipiki ndogo za kusimamia. Ona, makato yanakuja mawili mawili safari ikiisha. Hili dogo, mia tisa, ni la kufungulia. Hili kubwa ni la dakika ulizoendesha."

"Nilizoendesha mimi?"

"Alizoendesha mwenye kadi."

"Kadi iko kwenye sanduku langu, chini ya blanketi."

"Basi jiulize nani ana namba za kadi, mzee. Kadi inaweza kukaa sandukuni na namba zikatembea. Niifunge?"

"Usiifunge. Nataka nimkamate. Niwekee ule ujumbe unaoingia kwenye simu kila hela ikitoka."

Habari ya namba haikuniingia. Kadi kwangu ni kama ufunguo, na ufunguo haufungui mlango ukiwa haupo mkononi. Kilichoniingia ni pikipiki ya kukodi. Na mtu wa pikipiki nilikuwa naye nyumbani.

Bulugu ni kijana wa Kisukuma kutoka Nyamigogo, Biharamulo. Alikuwa analala chumba changu cha uani, na pikipiki yangu alikuwa nayo kwa mkataba: ananiletea hesabu kila Jumamosi, miezi ikitimia chombo kinakuwa chake. Ilibaki mitatu. Njia nzima ya kurudi Kirushya nilimpangia kesi. Masika, paa lilipovuja, nani alilihamisha sanduku? Bulugu. Simu yake ikilia anapokelea wapi? Nje. Na wiki ile alikuwa na viatu vipya. Nilipofika kwenye kijiwe cha bodaboda nilikuwa nimeshamhukumu.

"Shikamoo mzee," akaamkia.

Sikuitikia. Nikatoa karatasi mbele ya wenzake. "Tallinn ni kwa nani yako?"

"Sijui ni nini, mzee."

"Pikipiki za kukodi. Hela yangu inakodi pikipiki Ulaya, na mwenye pikipiki nyumbani kwangu ni wewe."

Wenzake wakacheka. Privatus, msemaji wao, akapiga honi. "Bulugu, kumbe unapeleka abiria mpaka Ulaya! Nauli shilingi ngapi? Unakubali mishikaki, abiria wawili kwa mpigo?"

"Mzee, mimi hata Bukoba sijafika," Bulugu alisema.

"Viatu umenunua na nini?"

Akaviangalia vile viatu kama ndiyo kwanza anaviona. Kicheko kikaisha. Hapo ningeweza kunyamaza, nikarudi nyumbani kufikiri. Nikanyoosha mkono.

"Lete ufunguo."

"Imebaki miezi mitatu, mzee."

"Lete."

Akaleta. Hakugombana, na hilo nalo nikalihesabu kuwa hatia. Kwa kuwa pikipiki siwezi kuiendesha, Privatus na mwenzake waliisukuma hadi kwangu, tukaiingiza sebuleni. Jioni ile Bulugu alifunga nguo kwenye mfuko wa salfeti akaenda kwao. Godoro aliliacha.

Mke wangu, Véronique, alikuwa anamenya ndizi. "Umemwona akichukua?"

"Nimeona viatu."

"Viatu vya mtumba vya elfu kumi na mbili. Nilikuwa naye gulioni akivipatana." Akatupa ganda. "Kwenye kijiwe sasa jina lake ni mwizi. Ukikosea utalitoa na nini?"

Nikatoa kadi sandukuni, nikaitia mfuko wa shati, nikafunga kifungo. Nilioga nikiwa nimeitundika mbele yangu.

Siku ya tatu, saa moja asubuhi, tukiwa tunakunywa uji, simu ikalia. Mia tisa. Sijameza, ikalia tena. Elfu arobaini na moja. Tallinn.

Nikashika mfuko. Kadi ipo. Pikipiki ipo, inadondosha oili kwenye sakafu. Bulugu yuko Nyamigogo. Nikainua macho, na aliyekuwa mbele yangu ni mmoja tu.

"Usinitazame hivyo, baba Mukeshimana," Véronique akasema. "Mimi na skuta! Magoti yangu haya unayajua."

"Labda yule binti wa benki. Yeye ndiye aliyejua habari za dakika."

"Kesho utasema ni paroko. Huyo binti alikuambia nini kuhusu namba?"

"Kwamba zinatembea."

"Nani umempa namba?"

"Hakuna."

"Fikiri."

"Hakuna, nimesema."

Akaweka bakuli chini. "Stationari ya Ngara mjini, mwaka juzi. Iteka anaomba chuo, inatakiwa ada ya fomu. Nani alikuwa anamsomea namba moja moja na yeye anaandika kwenye simu? Ulikuwa umevaa miwani yangu."

Iteka ni mjukuu wetu, mtoto wa Mukeshimana. Anasomea uuguzi Poland kwa ufadhili. Niliikumbuka ile siku, na uji ukanishinda. Lakini mtu akishikwa hutafuta tundu la kutokea. "Iteka yuko Poland. Hapa pameandikwa Tallinn."

Véronique alikuwa ameshampigia. Mtoto akatokea kwenye kioo cha simu, kofia hadi masikioni, anatembea.

"Shikamoo bibi. Shikamoo babu."

"Marahaba. Unatoka wapi asubuhi hii?"

"Natoka kurudisha baiskeli, babu. Nakodi nikitoka kazini jioni, maana basi linawahi kuisha."

Véronique akanikanyaga mguu.

"Unamrudishia nani?" nikauliza.

"Hakuna mtu. Zinakaa barabarani, unafungua kwa simu. Mimi narudisha palepale nilipoikuta, na matope nafuta."

"Na usiku inalala wapi?"

"Ndani kwangu, kwenye korido. Ningeiachaje nje baiskeli ya mtu? Wenzangu wanazitupa tu kando ya njia, hawana aibu."

"Vizuri," nikasema. Kweli nilisema vizuri, tena kwa sauti. Sisi tuliobeba ndizi kwa baiskeli za kukodi tangu ujana, chombo cha mtu hakilali nje. Unakiingiza ndani, ukikosa nafasi wewe ndiye unalala nje. Asubuhi unakipeleka kwa mwenyewe na hesabu yake. Mtoto amelelewa.

Ndipo nikazikumbuka dakika.

"Iteka, ikiwa korido, umeshaifunga kwenye simu?"

"Nafunga asubuhi nikiirudisha, babu. Usiku bado ninayo, naifungaje?"

Nadhani alianza kuhesabu, maana aliacha kutembea. Akaangalia simu yake, akasema, "Yesu wangu." Kadi aliyodhani inakatwa ni ya kwake ya chuo. Simu ilikuwa imehifadhi mbili, na siku ya kujiandikisha ikajaza yenyewe ile ya zamani, ya kwangu. Kampuni iko kila nchi, makao yake ni Tallinn, kwa hiyo hata ukiendesha Poland karatasi inaandika Tallinn. Alilia. Nikamwambia afute namba zangu na baiskeli zake azilaze nje kama wenzake, hela tutazungumza. Ya hela ilikuwa nyepesi.

Siku ileile nilimpigia Esperansia aifunge kadi, nikapanda gari hadi Lusahunga, kisha bodaboda hadi Nyamigogo, nikiulizia njia nzima. Nilimkuta Bulugu kwenye shamba la mjomba wake, Nshoma, wanavuna mahindi.

"Shikamoo," akasema, bila neno mzee.

"Marahaba. Si wewe. Ni Iteka, na yeye hakujua. Mimi ndiye niliyempa namba." Nikatoa ufunguo.

Hakuupokea. Aliendelea kumenya hindi hadi likaisha.

"Uliniita mwizi hapa Nyamigogo?"

"Hapana. Kule kijiweni."

"Basi na huo ufunguo ni wa kule."

Nshoma akacheka puani. "Mzee, umekuja mbali kuyaambia mahindi. Mahindi hayakumcheka."

Alhamisi saa tatu, siku ya gulio, nilisimama pale kijiweni, kofia mkononi. Bulugu alikuwa kando, hajaegemea kitu. Nikasema: huyu hakuniibia, nilikosea, mjukuu wangu alikodi baiskeli akailaza ndani. Privatus akauliza kwa nini ailaze ndani, nikaeleza. Wengine wakaitikia kwa kichwa. Nao wangefanya hivyohivyo. Mmoja akasema kwa nyuma, "Lakini mzee, viatu navyo?" wakacheka. Bulugu hakucheka. Akapokea ufunguo.

"Chumba chako kipo," nikamwambia.

"Nimepata kingine hapa senta. Hesabu nitaleta Jumamosi kama kawaida, hadi miezi mitatu iishe. Nitampa mama Mukeshimana."

"Chakula je? Amepika."

"Nimekula."

Tukaenda nyumbani kuchukua pikipiki na godoro. Véronique alimsalimia, akamshika mkono muda mrefu, mimi hakunitazama. Nililikunja godoro mwenyewe, nikalipandisha nyuma ya pikipiki, nikalifunga kwa mpira, nikavuta hadi viganja vikauma, nikafunga fundo ninalofunga tangu siku za ndizi. Bulugu akapanda, akawasha, akageuka akaliangalia lile fundo. Akazima. Akashuka, akalifungua, akalifunga upya mwenyewe.