Mifuko ya Kifuniko Chekundu

Nilirudi kutoka kupeleka nguo za mteja, tepu ya kupimia ingali shingoni, nikamkuta mume wangu ameketi ukingoni mwa kitanda akivuta pumzi kwa mabega. Kulala chali hakuweza tena. Yeye ni fundi makufuli, na mlango ukimkatalia huutania mpaka ufunguke, lakini mchana ule hakuwa na utani. Miguu ilikuwa imevimba hata kandambili hazimwingii.

Figo zake zilikwisha kazi mwaka uliopita. Tangu hapo tunamsafisha damu hapa nyumbani, mimi na mama mkwe, kwa zamu. Kwa mrija mdogo uliopandikizwa tumboni tunaingiza maji ya mfuko, yanakaa humo, kisha tunayatoa. Muuguzi aliyetufundisha alisema ndani ya tumbo mna utando mwembamba. Taka za damu huuvuka zenyewe, kutoka zilikojaa kwenda zisikokuwepo, na maji yaliyozidi mwilini hufuata upande wenye sukari nyingi. Hakuna pampu, hakuna anayesukuma. Ndiyo maana mifuko ina sukari: ya kifuniko cha njano kidogo, ya chekundu nyingi. Mchana ni zamu ya mama, na mchana ni chekundu.

Nikayatoa yaliyokuwamo, nikautundika mfuko kwenye mizani ya ndoano. Mfuko wa mchana unapaswa kutoka mzito kuliko ulivyoingia. Huu ulikuwa mwepesi. Nikaigonga mizani kwa kidole, maana vyombo navyo vina kiburi, lakini haikubadili neno. Mwili wa mume wangu ulikuwa umekunywa maji badala ya kuyaachia, na sasa yalikuwa yanapanda mapafuni.

Nikampigia muuguzi. Akauliza mchana amewekewa mfuko gani. Nikamjibu chekundu, kwa sauti ya mtu aliyetukanwa.

"Chekundu hakiwezi kufanya hivyo," akasema. "Hebu kaangalie."

Kabatini mifuko ya njano ilikuwa imebaki michache. Siku kadhaa nilikuwa nikiwalaani watu wa ghala wanaotuletea mifuko kwamba wanatupunja. Ya chekundu haikuwepo hata mmoja, nami nilidhani imetumika. Nikageuka. Mama mkwe alikuwa mlangoni, macho sakafuni. Nikampita, nikaingia chumbani kwake, nikapiga magoti. Ya chekundu ilikuwa uvunguni mwa kitanda, imepangwa kwa adabu, imefunikwa shuka safi; kumbe mchana alikuwa akimwekea ya njano.

"Mama, unamuua mwanao," nikasema. Si maneno ya kumwambia mkwe, lakini yalinitoka na sikuyarudisha.

"Nimeshamzika mmoja kwa sukari," akajibu. "Baba yake walimkata mguu, wakarudi wakamkata wa pili. Na huyu sukari anayo. Halafu mnanipa mimi mfuko wa sukari nimmiminie tumboni?"

Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Na hakuwa amekosea kabisa: sukari kidogo huvuka ikaingia damuni, ndiyo sababu dozi yake ya insulini ilipandishwa. Hilo alielezwa, akalisikia nusu, ile nusu ya kutisha.

Muuguzi alikuwa bado kwenye simu. Akasema gari la wagonjwa limetoka na mtu mwingine, likirudi linakuja kwetu, na tusilisubiri: tuweke chekundu sasa hivi. Mfuko ulikuwa baridi. Kwa kawaida mama huipasha mifuko juani dirishani, lakini jua lilikwisha hama. Nikatafuta blanketi. Nilipogeuka, alikuwa ameuingiza ndani ya gauni lake, ameukumbatia tumboni kwa mikono yote miwili. Tukausubiri hivyo upate joto, hasira yangu ikikosa pa kukaa.

Maji yakaingia. Tukaketi. Niliogopa, nasema wazi, niliogopa hata nikashindwa kuhesabu pumzi zake.

"Nyie mkinuniana hapo nje," mume wangu akasema kwa shida, "mimi huku ndani nazama."

Mama akaniuliza, kwa sauti ya chini, nani basi anayavuta hayo maji. Nikamwambia hakuna, yanakwenda yenyewe kulikokolea sukari. Akauliza na yakikataa je. Nikaitazama saa.

Muda aliotupa muuguzi ulipotimia nikafungua bomba la mrija. Yalitoka, yakaendelea kutoka, mfuko ukavimba mpaka ukakaza. Mama mwenyewe ndiye aliyeutundika. Mizani ikashuka kupita alama ya kawaida, ikazidi kushuka. Mume wangu akajiegemeza kwenye mto mmoja, kisha akalala chali, akapumua kwa kifua.

Honi ya gari ilisikika mbali. Mama alienda uvunguni, akairudisha mifuko kabatini mmoja mmoja, akafunga kufuli. Nyumba ya fundi makufuli, hata kabati la mifuko lina kufuli. Akaniletea ufunguo.

"Kaa nao wewe," akasema. "Mimi si wa kuaminiwa."

Nilitaka kuuchukua. Hasira ilikuwa haijaisha, na bado haijaisha. Nikamfumba vidole vyake juu ya ufunguo.

"Tukirudi, mchana ni zamu yako, mama," nikamwambia. "Chekundu."

Akaitikia kwa kichwa, na hapo ndipo alipoanza kulia.