Jina la Watu wa Nyuma ya Reli

Kazi ya Mkalimani ilikuwa kusimama ndani ya kiboksi kidogo pembeni mwa runinga, bunge likikaa, na kuyageuza maneno ya waheshimiwa kuwa ishara za mikono kwa wasiosikia. Hakuruhusiwa kupunguza wala kuongeza.

Mwaka ule uliletwa muswada wa kuwaondoa watu waliojenga nyuma ya reli. Waziri aliwaita wavamizi. Haukupita muda, kila mbunge akawa anawaita hivyo, hata wale waliokuwa wakiwatetea. Ishara ya neno hilo ni vidole vilivyokunjwa kama makucha, vinashuka na kunyakua. Kuna siku Mkalimani aliifanya mpaka kiwiko kikamuuma.

Huko nyuma ya reli ndiko alikoishi kaka yake, kiziwi tangu utotoni, fundi wa kuchomelea mageti na madirisha. Watu walimwita Cheche. Yeye ndiye aliyemfundisha dada yake kuongea kwa mikono.

Jumapili moja Mkalimani alikwenda kumsalimia, akamkuta kakaa karakanani, mashine imezimwa, geti jipya limeegemezwa ukutani.

"Mwenyewe kalirudisha," Cheche alimweleza. "Anasema geti lililotengenezwa na mvamizi, mvamizi atajua kulifungua."

Nje watoto walikuwa wakicheza wavamizi na polisi. Binti mdogo wa Cheche aliinua mkono, akakunja vidole, akanyakua hewa. Mkalimani akamuuliza hiyo kajifunza wapi.

"Kwako, shangazi," mtoto akajibu. "Si ndivyo unavyofanya kwenye runinga?"

Cheche alikuwa ameona. "Huna ishara nyingine?"

"Nikiibadilisha nitakuwa nimegeuka mbunge, kaka. Wanachosema wao ndicho ninachosema."

Cheche hakubishana. Akainuka kwenda kumtafutia chai.

Siku ya mjadala wa mwisho ilipofika, alisimama mbunge mmoja, mkunga mstaafu, ambaye tangu achaguliwe hakuwa amesema lolote zaidi ya kuomba madirisha yafunguliwe.

"Mheshimiwa Spika, naomba kueleweshwa. Nimezalisha kule nyuma ya reli miaka mingi. Mtoto niliyempokea kwa mikono hii, akakulia pale, akazaa pale, amevamia akitokea wapi?"

"Ametokea tumboni," mbunge mmoja akadakia, na ukumbi mzima ukaangua kicheko.

Mkunga akawasubiri wamalize. "Basi humu ndani sote ni wavamizi," akasema. "Maana sijamwona aliyeshuka kutoka mbinguni kwa ngazi."

Kicheko cha pili kilianza, kikakatikia njiani. Ukumbi ukanyamaza, na Mkalimani akajikuta hana cha kutafsiri. Akashusha mikono.

"Wale ni wakazi," Mkunga akamalizia. "Naomba tuwaite hivyo."

Mkalimani akainua mikono tena, akaikutanisha kama paa la nyumba, kisha ngumi ikatua taratibu juu ya kiganja.

Spika akaurudisha muswada kwenye kamati. Mbunge wa kwanza kulitumia neno lile alijikwaa, "hawa wava... wakazi," watu wakatabasamu. Wa pili hakujikwaa. Gazeti moja likalichukua, kisha redio, na mwishowe Waziri mwenyewe akalisema bila kushtuka. Kwenye kamati, mwanasheria akawaambia kwamba wakishaandika wakazi, hawawezi tena kupeleka tingatinga tu. Mkazi husikilizwa, mkazi huonyeshwa pa kwenda. Kifungu kimoja kikavuta kingine. Muswada uliotoka ulikuwa wa kupima viwanja na kupeleka maji.

Si wote walionusurika. Wale wa ng'ambo ya mtaro wa maji ya mvua, jirani na hapo, ambao hakuna aliyewataja bungeni kwa jina zuri wala baya, walibomolewa asubuhi moja, na hakuna aliyeuliza.

Mabomba yalipofika, Mkalimani alikuwa amesimama na kaka yake kando ya karakana. Msimamizi wa wachimbaji akamsogelea.

"Dada, hebu muulize fundi. Bomba lipite kulia au kushoto kwake?"

Akamuuliza. Cheche akafikiri, akaenda kutazama pande zote mbili, akaonyesha kushoto. Wachimbaji wakang'oa vigingi, wakahamisha kamba, wakaanza kuchimba pale pale aliponyoosha kidole.

Mkalimani alipigwa na butwaa. Udongo ulikuwa unapanda, mwekundu, wenye uzito wake, unaanguka pembeni kwa kishindo. Alijaribu kukumbuka ni nini kilichosimama kati ya mfereji huu wa bomba na tingatinga, na hakuona kingine ila mama mmoja na sentensi zake chache, zilizotoka mdomoni na kuishia hewani kama pumzi.

"Mbona mikono imetulia?" Cheche akamuuliza.

"Naogopa."

"Unaogopa nini, na maji yanakuja?"

"Jumatatu bunge linakaa tena," akamjibu. "Sijui litatoka neno gani."